Bisibisi Nyuma ya Sikio

Fidele Niyonzima, fundi magari wa Kasulu, alikuwa na sifa ya upole. Mteja angesimama nyuma yake akafoka hata nusu saa, yeye ameinama kwenye gari kana kwamba hakuna aliyesema neno. Kanisani walimsifu kwa uvumilivu huo. Uvumilivu gani! Mtu alikuwa hasikii.

Siri hiyo aliijua mkewe Kezia peke yake. Uziwi ulimwingia polepole enzi anatengeneza malori katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na kambi ilipofungwa akarudi nao Kasulu kufungua gereji. Simu ikawa ya Kezia. Mteja akija, Kezia alimpokea, kisha akazunguka hadi mbele ya mumewe na kumweleza taratibu, midomo ikionekana. Kumwita Baba Irakoze kwa nyuma alikuwa ameacha miaka mitatu sasa. Hospitali mzee hataki kuisikia, maana fundi asiyesikia injini nani atampa gari? Aliweka kiganja kwenye boneti, mtetemo ukamwambia mengi, maisha yakaenda.

Yalikwenda mpaka lilipofika gari la umeme la dokta Ghati.

Ghati alikuwa daktari kutoka Tarime, aliyepangiwa kazi hospitalini mjini na kupanga nyumba Heru Juu. Gari lake dogo jeupe alilichaji nyumbani kama simu. Tangu mvua zianze, gurudumu la mbele kulia lilikuwa likikwaruza vibaya. Mafundi wawili walishabadilisha pedi za breki, na mara zote mbili kelele ilirudi kabla ya wiki mbili kwisha. Siku hiyo Kezia alikuwa msibani Muyama, kwa hiyo Fidele alibaki na macho yake tu.

"Fundi, linanitia aibu," alisema Ghati, na kwa bahati alisema akimtazama.

Wakazunguka nalo mtaa mmoja. Fidele akaweka kiganja kwenye dashibodi, akangoja. Hakuna kitu. Gari halina injini ya kutetemeka, limetulia kama meza. Aliona muuza ndizi akiziba masikio walipopita, akaona watu wakigeuka, na yeye hakusikia hata mkwaruzo mmoja. Alihisi leo ndiyo leo.

Waliporudi akainua gari kwa jeki, akitafuta kwa makini mahali pa kuiweka ili asiguse betri iliyolala chini ya sakafu. Akachukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye kifaa kinachobana diski ya breki, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ujanja huo aliugundua Mtendeli na hakuwahi kumwonyesha mtu. Akalizungusha gurudumu kwa mkono.

"Fundi, unasikia nini?" Ghati aliuliza kutoka nyuma. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa amesogea karibu kabisa na bado hakujibiwa, akakasirika, akazunguka mbele ili ampashe. Akakuta uso wa Fidele umechangamka, macho yamefumbwa, mtu anasikiliza. Ghati akaitazama ile bisibisi na mahali ilipogusa.

Fidele alifungua gurudumu. Pedi zilikuwa nene, karibu mpya, lakini ya ndani imeng'ang'ania na diski imejaa kutu.

"Dokta, wewe breki hukanyagi?"

"Kwa nadra. Nikiachia pedali, gari linapunguza mwendo lenyewe na chaji inarudi kwenye betri. Nashuka kutoka Heru Juu hadi mjini karibu sijaigusa."

"Ego, ndiyo hiyo! Mota inafanya kazi yote, hizi zinakaa bure. Tope letu hili limekauka kwenye pini za kutelezea breki, kutu imeshika. Pedi ikibana hairudi, inaparuza tu. Wenzangu walibadilisha pedi, pini hawakuzigusa."

Akazichomoa pini kwa shida, akazisugua kwa brashi ya waya na kuzipaka grisi ya breki. Diski akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Akamwagiza kila wiki, kwenye barabara nyoofu isiyo na watu, aweke gia huru na kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, zifanye kazi.

Alipomaliza, Ghati akachuchumaa mbele yake. "Mzee Fidele, tangu lini husikii?"

Fidele akatazama barabara kama mtu anayetaka kukimbia. "Dokta, ukilitoa hilo nje, nimekwisha."

"Siri za wagonjwa sitoi." Akagonga spana kwenye jeki, akaisogeza karibu na sikio lake. Fidele akatikisa kichwa. Akagonga tena, akaigusisha kwenye ule mfupa. Fidele akashtuka. "Umeona? Ndani kunasikia. Njia ndiyo imeziba." Akamulika ndani kwa simu, akarudi mbele yake. "Masikio unasafisha na nini?"

"Njiti. Na oili kidogo."

"Oili gani?"

"Ya injini." Alipoona anavyomtazama, akajitetea, "Mpya, dokta! Haijatumika!"

Ghati alicheka mpaka akashika gari asianguke, kisha akamwandikia matone ya siku tano.

Siku ya sita, hospitalini, alimsafisha sikio la kulia kwa maji ya uvuguvugu, na vitu vilivyotoka humo tusivitaje. La kushoto lilikuwa na tatizo jingine, likaandikiwa mtaalamu. Jioni akamrudisha gereji kwa gari lake, akamshusha, akaondoka.

Gari likaenda bila sauti. Fidele akajua uziwi umerudi. Kisha akasikia kokoto zikisagika chini ya matairi, akapumua.

Nyuma yake Kezia alikuwa kwenye jiko la nje ya gereji, akijisemea kama alivyozoea miaka yote hiyo pasipo mtu kumsikia. "Mwanamume huyu atasimama hapo mpaka lini, na chai inapoa."

"Nakuja," Fidele akasema bila kugeuka. "Kumbe siku zote unanisema hivyo?"

Kikombe kikamponyoka. Kezia akakaa juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa kitenge na kulia. Fidele akataka kugeuka.

"Oya, hapana, usigeuke," Kezia akamwambia. Akajifuta machozi, akangoja sauti imtulie. "Baba Irakoze," akaita polepole, kwa nyuma.

"Naam," Fidele akaitika.