Kumfuata Leokadia Kasanga kwa Gari lenye Kitanda

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza habari za Kasanga mpaka mmenichosha, na kila anayeuliza namsimulia robo halafu chai inachemka. Sasa nasema yote mara moja. Shule sikwenda, mjukuu wangu ndo anaandika, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Nilichofuata kule ni dada yangu Leokadia. Wengine mnamkumbuka, yule aliyeolewa na mvuvi, akabaki ziwani hata mzee wake alipofariki. Nyonga yake imekwisha. Kusimama anasimama kidogo, kulala analala, ila kukaa kitako hamalizi hata sahani ya ugali. Watoto wake wako ng'ambo Zambia na biashara zao. Na mimi hapa Sumbawanga nina vyumba viwili, nazungumza na kuku. Kila nikimpigia simu, "Dada njoo tukae wote," ananijibu kwa ile sauti yake ya puani: "Skolaaa, basi la abiria mimi sipandi. Lile la mwisho lilizima kwenye mteremko, nikalazwa pembeni ya barabara kama gunia la mkaa, watu wananiruka. Sipandi tena kitu cha matairi."

Ndo akatokea mkwe wangu Kosmas, mume wa binti yangu Anastazia. Alinunua Coaster kuukuu, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji, na sola juu ya paa, awakodishe watalii. Gari limekuwa nyumba. Nikamwambia dada: humu unakwenda umelala. Akasema, "Lileteni. Nitalala humo mchana kutwa, hapa hapa mlangoni kwangu. Likikorofisha hata kidogo, mnarudi wawili kama mlivyokuja."

Basi mambo yakawa hayo. Gari likitulia, nina dada nyumbani. Likikorofisha, sina.

Sumbawanga, asubuhi, ukungu bado umekaa barabarani. Kosmas gari lake analihudumia kama mama mwenye kichanga. Anapima maji ya tangi, anamwaga maji machafu, anapanda ngazi ya nyuma na kitambaa chenye maji kupangusa vile vioo vyeusi vya sola. Nikamuuliza, "Juu huko nani anakuona, mpaka unaosha?" Akasema, na huyu Kosmas anaongea kama anasoma taarifa ya habari: "Mama, vumbi likikaa, jua haliingii, betri hazishibi." Neno kuharibika halimtoki mdomoni. Kila kitu kwake ni changamoto. Kuku akifa, kuku amepata changamoto.

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama kushangaa. "Bibi, mambo! Hiyo gari au gesti?"

"Mambo unamwambia nani?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Sasa, hiyo gari au gesti?"

Nikamwambia ni gesti, ila wenye pikipiki hatuwapokei. Wenzake wakamcheka, tukaondoka.

Sasa kuna jambo lazima mlijue, maana ndilo lililonifanya nikawa fundi. Mimi na Kosmas tunafuata mila. Mkwe haingii alipolala mama mkwe wake, na godoro lake haligusi. Vijana wengi wameacha, sisi hatujaacha. Kwa hiyo yeye yuko mbele kwenye usukani, mimi nyuma, pazia katikati. Akitaka kusema na mimi anakohoa kwanza. Tulipanga vizuri kabisa. Ila wakati anatengeneza gari alifikiria watalii, hakufikiria mama mkwe, akaziweka betri za nyumba chini ya kitanda.

Tumepita Matai, mahindi huku na huku, ulezi umeanza kushika rangi, friji ikaanza kulia. Piii. Piii. Kama kifaranga kilichopotea. Taa nazo zikafumba na kufumbua, zikafumba moja kwa moja. Kosmas akasimamisha pembeni, akashuka, akazunguka mpaka dirishani kwangu, akasimama akinipa mgongo. Akakohoa.

"Mama, samahani. Inaonekana tuna changamoto."

"Imekufa?"

"Hapana, Mama. Injini iko salama, ina betri yake. Changamoto iko kwenye betri za nyumba. Ziko, mmm." Akakohoa tena. "Ziko chini ya Mama."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, maskini, shingo yote jasho na upepo wa baridi ule. Nikamwambia, "Basi nielekeze, mikono ninayo."

Nikainua godoro, nikafunua ubao. Masanduku mawili meusi, na nyaya nene.

"Mama, usiguse kitu kwanza. Pembeni kuna swichi nyekundu, izungushe mpaka izime. Vua pete, vua na bangili. Chuma kikigusa nyaya mbili, kinaunguza."

"Nimevua."

"Na rozari ya shingoni, Mama. Ile ni ya chuma."

"Rozari nivue, na safari ndo kwanza inaanza?"

"Nipe mimi nikushikie, Mama."

Nikaipitisha dirishani. Akaipokea kwa mikono miwili, bila kugeuka.

"Sasa angalia sanduku la kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako, Mama."

"Mimi nimeinama kichwa chini, kushoto kwangu kumehama."

Tulielewana. Kwenye sanduku lile, pale waya mweusi unapokaa, kulikuwa na ukungu mweupe, umeota kama unga wa muhogo ulioshika maji. Nikatikisa waya, ukacheza kama jino la mtoto. Akasema ndo huo: ulilegea kwa mtikisiko, ule uchafu ukazuia umeme, betri hazikula kitu njia nzima. Nikamwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, yale ya maharage, pakachemka povu! Nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikafuta pakakauka, nikakaza kwa spana mpaka ukagoma kucheza, nikapaka mafuta ya mgando kidogo. Nikawasha swichi nyekundu. Friji ikaguna, taa zikawaka.

"Kosmas!"

"Naam, Mama."

"Changamoto imekwenda kwao."

Hapo ndo alicheka. Ila akaniambia tusijisifu bado, betri zina njaa, umeme uliobaki ni mdogo, tutegemee jua la Kasanga. Na dada asijue.

Kasanga, alasiri. Ukishuka ule mteremko, sweta unavua, kitenge cha pili unavua, unabaki unaangalia nini tena kinavulika. Ziwa lile pale, linang'aa mpaka macho yanauma. Mizigo ya kwenda Kongo imerundikwa bandarini, na harufu ya dagaa iko kila mahali, hata kwenye maji ya kunywa ipo. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Amepungua. Sikumwambia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Skola. Umenenepa. Hilo ndo jeneza lenyewe?"

Kosmas akapiga magoti kwa mbali. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, baba. Halijazima njiani?"

Kosmas kusema uongo hajui, akaanza, "Tulipata chang—" nikadakia, "Tulipata chai Matai." Ikaisha.

Usiku nililala kwa dada, Kosmas akapewa kitanda kwa jirani, mume wa Mama Zuhura. Huyu Mama Zuhura anauza dagaa, mama mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hajatoka ndani.

Asubuhi yake Kosmas akaniambia anakwenda bandarini kutafuta fyuzi za akiba na waya, kupangusa sola atapangusa akirudi. Jua lilikuwa limeshawaka, nikasema nenda. Tukampandisha dada taratibu, mimi na Mama Zuhura, tukamlaza. Nikawasha feni. Akatulia. Akanyoosha ule mguu mbaya, akautazama, akasema, "Hm." Leokadia akisema hm amefurahi. Nikampa maji ya friji, baridi. "Hm," mara ya pili.

Nikakaa namtazama. Kosmas alinionyesha kitaa kidogo ukutani: kijani betri zimeshiba, njano zina njaa, nyekundu zinakufa. Kilikuwa njano. Nikasema jua hili, saa si nyingi kitageuka. Kikageuka kweli. Kikawa chekundu.

Mchana joto limekaa juu yetu kama sufuria, feni ikaanza kuchoka. Ikazunguka kama ng'ombe wa kuswagwa. Ikasimama.

Kosmas ndo kwanza alikuwa amerudi, sola bado hajaipangusa. Akakohoa dirishani. Nikamwambia kwa kunong'ona, kwa Kifipa, kana kwamba dada hajui Kifipa.

"Mama, angalia waya wa jana."

Waya wa jana uko chini ya godoro, na juu ya godoro yuko dada. Nikamsukumia ukutani kama mzigo wa mpunga, nikapenyeza mkono. Umekaza. "Angalia fyuzi, kile kitu cha kioo, uzi wa ndani umekatika?" Nikamulika na tochi ya simu. Uzi mzima. Tukabadilisha hivyo hivyo, hakuna kitu. Kosmas akashika kichwa. Jua linawaka vile, sola mpya, nyaya nzima, umeme haupo. Akasema, "Niwashe injini, itazilisha betri."

Leokadia akasikia. "Ukiwasha injini nashuka. Si mlisema linakaa lenyewe?" Akaanza kutafuta fimbo yake. "Ndo limeanza. Nilisema mimi. Niteremshe, Skola."

Nilimshika bega nikitaka kumtania, nikaona macho yake. Yamejaa maji. Dada yangu huyu tangu utotoni akikasirika hatoi chozi, anatupa vitu. Nikajua hajakasirika. Anaogopa. Yuko tena pembeni ya ile barabara, watu wanamruka. Utani ukaniishia mdomoni. Nikamwambia Kosmas, "Baba, fanya chochote. Panda hata juu."

Nikasikia miguu yake kwenye ngazi ya nyuma. Halafu ikasimama.

"Kosmas? Changamoto?"

Mkono wake ukashuka kutoka juu, ukaingia dirishani, umeshika dagaa. Mkono mzima, dagaa wamekauka nusu.

"Mama," akasema, na sauti ya taarifa ya habari imemtoka yote, "wako kila mahali. Sola yote. Wamepangwa, hata kidole hakipiti."

Mama Zuhura akatoka mbio mlangoni kwake, mikono juu. "Weee! Usiwageuze! Upande wa chini bado!"

"Nani kawaweka?" nikamuuliza.

"Si huyo mwenyewe! Alfajiri kaniamsha: Mama Zuhura, lile bati jeusi la juu ya gari linashika moto kuliko mchanga, nianikie wale dagaa wangu wa kupeleka Ufipa. Wakauke upesi, tusichelewe kuondoka. Nikamtuma binti yangu akapanda."

Alfajiri. Kabla sijaamka. Kabla hajalipima gari, kabla ya feni, kabla ya maji ya baridi.

Nikamgeukia dada. Amefumba macho.

"Dada. Tusichelewe kuondoka nani?"

"Nimelala."

"Na yule aliyesema tutarudi wawili?"

"Nimelala, Skola." Kisha akafumbua jicho moja. "Ulitaka niende kwako mikono mitupu, nionekane ombaomba?"

Nikamcheka, nikalia, nikamcheka tena. Hata yeye tumbo likaanza kutikisika, mpaka akashika nyonga, "Acha, unaniumiza." Kosmas akawakusanya dagaa kwenye mkeka, akaosha sola kwa maji na sabuni mara mbili, maana dagaa wanaacha mafuta. Kitaa kikakaa chekundu kidogo, kikawa njano. Feni ikajikohoza, ikazunguka. Leokadia akaniambia nisogee, namzibia upepo.

Tuliondoka siku iliyofuata, dagaa ndani ya gunia. Kwenye mteremko alinishika mkono, na kila kona anauliza, "Limezima?" Namwambia bado. "Hata sasa?" Bado. Tulipofika juu, upepo wetu ukaingia dirishani, akavuta blanketi mpaka puani, akanusa hewa kama mbuzi. "Kuna mtu kachoma majani huko," akasema. "Ulezi unakaribia kuvunwa, wanasafisha pembeni ya shamba." Halafu akalala kweli. Matai tukaipita anakoroma, na Kosmas kule mbele akapunguza mwendo asimwamshe.

Nilichojifunza? Nyaya mbovu naweza kuzipaka mafuta sasa, mwenye sola nyumbani na aniite. Ila umeme ukikata, kabla hujafungua kitu, panda kwanza uone juu kuna nini. Sisi tulihangaika chini ya kitanda nusu siku. Na dada yangu, nilidhani nakwenda kumbembeleza. Kumbe alichotaka ni kuona kama tutakuja kweli.

Tulipofika nyumbani jioni nilimwonyesha chumba. Akasimama katikati na fimbo yake, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akatazama ukuta mtupu.

"Skola."

"Abee, dada."

"Msumari unao? Na nyundo. Nataka mahali pa kutundika kanga zangu."

Nikampelekea. Nikakaa nje na kuku, nikamsikiliza akigonga.