Nilimwambia daktari sisikii kitu

Kosa ni langu. Si la daktari, wala si la mume wangu. Nalisema hapa kwa sababu hapa kwetu Bunia hakuna ninayeweza kumwambia huku namtazama usoni.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nilikuwa nashona kwa cherehani vikwembe, yaani vitenge, vya watu. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Mongbwalu, nyumbani anakuja kama mgeni, analala kidogo, anaondoka. Watoto wake mwenyewe walikuwa wanamwonea haya.

Siku moja upepo uling'oa bati la jiko letu. Nikalidaka. Likanikata kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Kidonda kilishonwa, kikapona, lakini kidole gumba na viwili vinavyofuata vilibaki na ganzi. Sindano ilikuwa inaniponyoka na mimi sina habari.

Mume wangu akarudi. Alipika, aliosha watoto, alinifunga vifungo vya blauzi. Sikuwahi kuwa na mume namna ile.

Akanipeleka kwa daktari mpasuaji ambaye huja mjini mara mojamoja. Akatueleza kwamba mshipa wa fahamu umekatika. Njia iliyozoeleka ni kuchukua mshipa mguuni na kuuunga pale, ila mguu nao utabaki na ganzi upande. Lakini pengo langu lilikuwa fupi. Alikuwa na tuyo, yaani kibomba kidogo laini, chenye unene wa mrija wa kalamu. Ncha mbili za mshipa zinaingizwa humo, ile ya juu inaota polepole mpaka ivuke, na tuyo inayeyuka yenyewe. Akasema nikianza kusikia kama umeme mkononi, hiyo ndiyo dalili kwamba mshipa unaota.

Tukachagua tuyo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja najipaka mafuta, nikasikia kama siafu wanatembea kutoka kifundo kuelekea kiganjani. Nikainuka nimwite mume wangu. Alikuwa uani, anaongea kwa simu na mchimbaji mwenzake.

"Mukono ya mama Neema ikiamuka tu, narudi," alisema. "Muniwekee nafasi."

Nikarudi ndani, nikakaa.

Daktari alipokuja tena, alinigonga-gonga kifundo kwa kidole chake.

"Mama, uko nasikia kitu? Kama umeme hivi?"

Umeme ulipita mpaka ncha ya kidole. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapana, Dokta. Siko nasikia kitu."

Safari iliyofuata aliuliza tena, nikajibu vilevile. Akashika nyama ya chini ya kidole gumba changu, akatikisa kichwa.

"Hii tuyo imekataa. Musuli inaanza kukauka. Tufungue, tutoe mushipa ya muguu."

Hapo ndipo ningesema. Mume wangu alikuwa ananiangalia kwa matumaini. Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kinywa changu kilikuwa wapi.

Baada ya operesheni daktari alikuja kitandani. Mume wangu alikuwa ananilisha uji.

"Nilisha kata mushipa ndio nikaona," daktari alisema. "Nyuzi mupya zilikuwa zimesha vuka. Mama, kweli haukusikia hata kidogo?"

"Nilisikia," nikamwambia.

Mume wangu akaweka bakuli chini. Siku tuliyorudi nyumbani ndipo aliposema, na alisema hilo tu:

"Ungeniambia nibakie, mama Neema. Ningebakia."

Kidonda cha mguu kilipokauka, akaenda Mongbwalu. Akipiga simu anaomba kuongea na Neema.

Mshipa wa mguuni haukushika. Mkono ni wangu lakini kama wa mtu mwingine. Juzi niliushika mfuniko wa sufuria, nikajua kwa harufu tu kwamba nimeungua. Upande wa mguu nao hausikii kitu. Cherehani nimeifunika kwa kikwembe. Majirani wanashangaa kwamba silii. Hata mimi nangoja nilie, machozi hayaji.

Wewe unayesoma, daktari akikugonga mkono na kukuuliza, mjibu kile unachosikia, hata kama ni siafu mmoja tu. Yeye hana macho ya kuona ndani ya ngozi yako. Anakata kufuatana na maneno yako. Na ukitaka mtu wako abaki, fungua kinywa umwambie, kabla hujaanza kumdanganya kwa mwili wako.