Shangazi Kwani na Mkopo wa Baiokemia

Shangazi yangu ni msusi, na pale saluni wateja humwita Kwani. Hawezi kukuchana bila kukuhoji. Kwani mumeo hukoroma? Kwani rubani akibanwa na haja anafanyaje? Mteja kichwa kimeshikwa, ataenda wapi? Mimi nimelelewa na maswali hayo tangu wazazi wangu walipofariki, na ugonjwa wenyewe umeniambukiza.

Nilipopata nafasi ya kusomea baiokemia chuo kikuu, alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia. Kisha nikamwekea fomu ya mkopo mezani, kati ya machanuo na makopo ya mafuta, nikamwonyesha mahali pa mdhamini. Bila saini yake chuo ningekisikia redioni tu, maana sikuwa na mtu mwingine.

"Kukopa arusi, kulipa matanga," akasema. "Kwani hii baiokemia inalipa?"

"Elimu ni bahari, Shangazi."

"Najua. Nauliza kama ina samaki."

Mimi baiokemia niliipenda tangu siku mwalimu alipotutafunisha kipande cha mkate, tukatafuna na kutafuna mpaka kikageuka kitamu mdomoni. Nilitaka kujua ule utamu ulitoka wapi. Mambo ya mshahara sikuwahi kuyafikiria.

Basi akaanza kuwauliza wateja. Mmoja akasema kazi zimejaa viwandani. Mwingine akasema mpwa wake anayo shahada hiyo na anauza mitumba. Wa tatu akaapa kwamba ni masomo ya kutengeneza mabomu. Mwishowe muuguzi mmoja, nywele zikiwa nusu zimesukwa, akatuelekeza kwa mpimaji wa maabara ya hospitali yao. Huyo aliisomea baiokemia yenyewe.

Tulimkuta kwenye kidirisha cha maabara, amevaa glavu, mbele yake foleni ya wagonjwa na vichupa vyao. Shangazi hakumaliza hata salamu.

"Kwani mwanangu, ulikopa kiasi gani? Kwani wanakukata kila mwezi? Kwani hicho kinachobaki..."

"Inatosha, mama," akasema, akafunga kidirisha.

Shangazi akatoka pale kwa madaha. "Umesikia? Inatosha! Hata baada ya makato, inatosha!" Tayari mkono ulikuwa mkobani ukitafuta kalamu.

Nilipaswa kufumba mdomo. Saini niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini nani angelelewa na Kwani halafu akaridhika na jibu la uongo?

"Shangazi," nikasema, "yaliyotosha ni maswali yako."

Akasimama. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kalamu ikarudi mkobani.

"Basi turudi," akasema.

Safari hii tulimngoja atoke kula, na Shangazi akamnunulia chai. Aliposikia ile habari ya "inatosha" nusura apaliwe. Akalegea, akatueleza yote. Miaka miwili alizunguka na bahasha akitafuta kazi huku deni likinenepa. Sasa wanamkata kila mwezi, na kinachobaki kikishalipa kodi ya nyumba hakisazi cha maana. Mdogo wake, fundi umeme, anamshinda kipato kwa mbali. Shangazi alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Kwani ungerudi nyuma, ungesomea nini?"

"Hiyo hiyo," akasema haraka, kisha akaona haya.

Shangazi akamsogelea. "Kwani dawa ya kunyoosha nywele, mbona inaunguza ngozi?"

Yule kijana akaweka kikombe chini, akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika, akachora mezani. Unywele ni protini, akasema, na dawa inavunja vifungo vinavyoishikilia. Ngozi nayo ina protini ya jamii hiyo hiyo, na dawa haichagui. Shangazi aliutazama mchoro mpaka ukakauka. Miaka yote amekuwa akiwauliza wauzaji wa dawa, nao humjibu, "Fuata maelekezo." Njia nzima ya kurudi hakuuliza kitu, nikaogopa.

Tulipofika saluni akaketi kwenye kiti cha wateja, mimi nyuma yake nimeshika mkoba wake. Tulionana kwenye kioo.

"Nimepiga hesabu," akasema. "Haitoshi. Deni litakuganda, na huenda ukaja kusuka hapa hapa, shahada imetundikwa ukutani."

Machozi yakanilenga. "Ndiyo, Shangazi."

"Ukirudi likizo utanijibu maswali yangu?"

"Yote."

"Usinidanganye."

Nikajirekebisha. "Yale nitakayoyajua."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Haya, nipe huo mkoba. Kalamu imo humo."