Mkono wa Uthmani Haukuvimba

"Neno moja tu, bibi! Mi sikuombi ng'ombe, nakuomba neno moja!"

"Neno moja? Na we umewahi kuona mi nina maneno ya moja moja?" Kudra hakuinua macho. Ungo wa ndagala ulikuwa mapajani, anachambua mchanga kwenye vile visamaki, na kila alipokasirika samaki mzima alirushwa pamoja na mchanga. "Andika Mwislamu."

"Uislamu si kabila, bibi."

"Basi andika Mswahili."

"Hakuna nafasi ya Mswahili. Ziko tatu tu. Muhutu, Mututsi, Mutwa. Tazama mwenyewe."

"Nitazame nini? We unajua karatasi na mi hatujawahi kusalimiana."

Sumaya, mjukuu wake, fundi cherahani, aliilaza karatasi juu ya kitambaa alichokuwa akishona na kuibana kwa mkasi, kana kwamba ingetoroka. Ilikuwa saa tisa. Saa kumi mwalimu Hyacinthe, katibu wa chama, angepita kuichukua, maana orodha ya wagombea wa ubunge ilikuwa inafungwa siku hiyo. Sumaya alipewa nafasi ya nne. Sheria mpya ilitaka mwanamke mmoja katika kila majina manne, na majina matatu yanayofuatana yasiwe yote ya kabila moja. Kwa hiyo kila jina lilipaswa kuwa na kabila pembeni yake. Lake peke yake lilikuwa halina, na bila hilo angewekwa mtu mwingine.

"We ndiye uliyeolewa na babu Shakuru," Sumaya alisema. "Kabila ni la baba. Baba yake babu alikuwa nani?"

Mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa na jibu la swali hilo. Tabu ni kwamba yalikuwa majibu thelathini, na yote yalitoka kwa Kudra.

Mwanamke huyu, kwa maelezo yake mwenyewe, alizaliwa mwaka ambao ziwa lilipanda hadi sokoni, samaki wakawa wanajinunulia chumvi wenyewe. Sisi hatukuwepo, hatuwezi kubisha. Baba mkwe wake alivuka kutoka Ujiji amepanda kiboko, tena mwezi wa Ramadhani, na yule kiboko naye alikuwa amefunga. Siku nyingine huyo huyo alishuka milimani amebeba mlango mgongoni, akatafuta mahali pa kuusimamisha, ndipo nyumba ikajengwa nyuma yake. Wateja walikuja kununua ndagala wakakaa hadi mafuta yakapoa.

Na hadithi hizo ziliwahi kuokoa watu. Mwaka wa tisini na tano, vita vilipoingia mitaani, vijana wenye marungu walisimama mlangoni wakauliza nyumba hii ni ya watu gani. Kudra akawapa baba mkwe waliyemtaka, na mlima aliozaliwa, na majina ya ng'ombe wake. Juma lililofuata wakaja vijana wa upande mwingine. Akawapa baba mkwe mwingine, na wakala ndagala wakaondoka. Alipofunga mlango akakaa chini hapo hapo kizingitini mpaka adhana.

Shakuru, mumewe, alikuwa anaujua ukweli. Kudra alimwuliza mara moja tu, wakiwa bado vijana. Shakuru akacheka: "Mi nikuambie we? Kesho kisa hicho kitakuwa kimeota pembe." Akafa nao. Mtoto wao, baba yake Sumaya, alimfuata kaburini bila kuwahi kuuliza. Akabaki mmoja anayejua: Uthmani, mdogo wake Shakuru, mekanika, mwenye gereji mtaa wa pili. Na Uthmani alikuwa hajaukanyaga ua huu tangu mwezi wa pili, siku ya kura ya maoni.

Hapo ndipo Kudra anapojiuma mdomo kila akikumbuka.

Mwaka huo wa elfu mbili na tano watu walikuwa wamechoka kuzika. Kura ilikuja kuuliza kama katiba mpya ipite, yenye mafungu ya kila kabila kwenye Bunge, Wahutu asilimia sitini kwa Watutsi arobaini, pasiwe na mtu wa kummeza mwenzake. Unapewa kadi mbili, ya ndiyo na ya hapana. Unayoitaka unaitia kwenye bahasha, nyingine unaitupa kwenye sanduku la kutupia. Kudra aliitaka amani kama mtu anavyotaka maji. Akapita nyumba kwa nyumba akiwafundisha wanawake. Na kwa kuwa hakuna siku aliyowahi kufundisha kitu kikavu, akaongeza lake: kadi ya hapana imepakwa dawa, ukiitia kwenye bahasha mkono utavimba kama mkate.

Uthmani peke yake ndiye aliyesema hapana hadharani. Alisimama mbele ya wapiga kura, mikono ina grisi, akasema: "Shemeji, mafungu haya siku moja yatatuuliza sisi ni nani. Tumekaa miaka yote hatuulizwi. Mi naogopa swali hilo kuliko bunduki." Akaingia, akapiga kura, akatoka ameinua mkono juu. "Nimeitia hiyo ya hapana. Tazameni, haujavimba."

Watu wakacheka. Kudra hakuvumilia mtu mwingine awachekeshe. Akapaza sauti: "Wa kwako hauwezi kuvimba, umezoea damu! We ndiye unayetaka vita viendelee!"

Akamwambia hivyo mtu aliyemzika mwanawe kwa vita hivyo hivyo. Kicheko kikafa. Uthmani akashusha mkono taratibu, akaufuta kwenye suruali, akaenda.

Ndiyo ikashinda, tena kwa mbali. Kudra alidhani yameisha. Ukisema ndiyo kwenye posa, watu wanakula pilau wanarudi makwao. Hakujua kwamba baada ya ndiyo kuna Bunge. Redio ikawa inasema Bunge linajadili sheria ya uchaguzi, Bunge linaendelea kujadili. Na mwezi wa nne sheria ikatoka, na ile ndiyo ya sandukuni ikawa imepata mikono na miguu na macho ya kukutazama. Depite mmoja, mbunge wa siku hizo, akaja kuieleza kwenye ukumbi wa shule. Kudra akasimama.

"Mheshimiwa, sisi Waswahili tuko fungu gani?"

Depite hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta. "Mama, wananchi mmeyapigia kura mafungu haya. Bunge haliwezi kuongeza la kwenu wala kupunguza la mwingine. Kazi yetu ni kutimiza mliyosema. Mtaingia humo humo."

"Humo humo wapi?"

"Si mnajua wenyewe?"

Ukumbi ukacheka, na kwa mara ya kwanza maishani Kudra alikuwa hajasema kichekesho.

"Basi mi naandika lolote," Sumaya alisema sasa, akachukua kalamu. "We uliwapa vijana lolote na wakaondoka."

"Weka chini!" Ungo ulimwagika. "Wale walikuja na marungu, wakaenda. Hii haiendi, itakaa serikalini. Watoto wako watasomewa. Nikiongopa hapa nimewaongopea mpaka ambao hawajazaliwa."

"Kwa hiyo?"

"Kamwulize Uthmani."

"Nilienda asubuhi." Sumaya aliinama kuokota ndagala. "Akasema swali hilo si langu. Akasema alitukanwa mbele za watu, na mdomo uliomtukana anaujua unapolala."

Kudra akainuka, akatafuta kitenge cha kutokea, akajifunga kombo, akajifungua, akajifunga tena.

"Utamwambia nini?" Sumaya aliuliza. "Usimpe kiboko, bibi. Nakuomba."

"Sina kiboko leo." Alisimama katikati ya ua akiitazama karatasi ile kana kwamba ndiye shemeji. "Nitamwambia, Uthmani, hakukuwa na dawa yoyote kwenye kadi. Niliitunga nikikaanga ndagala. Na lile la damu, hilo sikulitunga kwa mchezo, nilitaka likuume, nawe ulikuwa na kidonda tayari. Nilijua kipo na nikapiga hapo hapo. Ndiyo yangu bado ni ndiyo, nataka watu wasiuane. Lakini ulisema tutaulizwa, na tumeulizwa, na nyumba yangu nzima, mi na hadithi zangu zote, hatuna neno moja la..."

Sumaya alimshika mkono.

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Hakuwa Hyacinthe. Uthmani alisimama kizingitini na ovaroli yake ya kazi, bila hodi, kitambaa cha grisi mkononi, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.