Ndoo Niliyochelewa Kuigonga

Kwetu mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, neno figisu linatumika kila siku. Umeme ukikatika wakati mpira unaendelea, vijana wa mtaa wa Gungu wanasema ni figisu. Bodaboda akikataa kupanda kilima na abiria mwenye ndoo mbili za mawese, ni figisu. Bata akinya juu ya dagaa, kuna mtu atasema ametumwa. Tunacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, kwa sababu kucheka hakuhitaji kuongea.

Niliwahi kumuuliza shangazi maana yake hasa. Yeye ndiye aliyenichukua nilipomaliza darasa la saba, nikawa naanika dagaa pamoja naye. Alijibu huku mikono yake ikiendelea kugeuza.

"Figisu ni kumkwamisha mtu kwa makusudi," alisema, "halafu unasimama pembeni na sura ya kumwonea huruma."

Sikuyatilia maanani maneno hayo mpaka msimu huu wa mvua.

Vichanja vyetu vya kuanikia dagaa vimepangwa kuanzia karibu na maji kupanda hadi chini ya kilima. Wanawake wakigeuza dagaa wanatazama ziwani, upande wa Kongo, lakini mvua mbaya ni ile ya upande wa Kasulu, inayotokea nyuma yetu. Anayeiona kwanza ni aliye kwenye kichanja cha juu kabisa. Kwa hiyo hapo pana ndoo kuukuu ya bati na kipande cha mti. Ukiona wingu linavuka kilima, unagonga ndoo, ndipo unafunika dagaa wako. Kwanza unagonga. Hata mtoto anajua. Kichanja cha juu kilikuwa cha shangazi, na kwa kuwa sauti yangu haisikiki, ile ndoo ilinifaa.

Aliyetufuata kwa chini alikuwa mama mmoja kutoka kijiji cha Kidahwe, aliyepanga chumba mtaa wa Buzebazeba na wanawe. Ni mwepesi wa maneno. Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaweka kiganja sikioni.

"Nani kanisalimia? Au ni inzi?"

Wenzake wakacheka. Akaongeza, "Jamani, huyu siku akiposwa atagonga ndoo kusema ndiyo!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa mchangani. Shangazi naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mchana wingu likavuka kilima. Nililiona vizuri. Niliiangalia ndoo, kisha nikauangalia mgongo wa yule mama, ameinama anageuza. Nikachukua turubai letu, nikafunika, nikaweka mawe kwenye pembe zote nne. Jiwe la nne nililichagua bila haraka. Ndipo nikagonga.

Walioko karibu na maji walipata muda, maana mvua ilianzia juu. Yeye hakupata. Dagaa wake wote walilowa, na kesho yake walikuwa wamelainika na kuanza kunuka. Wakawa chakula cha kuku.

"Mmeliona turubai lao?" yule mama alisema siku ileile ya mvua, maji yakimtiririka usoni. "Lina mawe pembe zote! Sisi tunasikia ndoo, wao wameshamaliza. Hii ni figisu."

Mtu akadakia, "Hata mvua nayo ina figisu?" Watu wakacheka.

Shangazi alisogea mbele yangu. "Mwanangu huyu? Anayeogopa hata kuomba chumvi dukani? Tafuta mwingine wa kumsingizia."

Wote walinitazama. Niliangalia miguu yangu. Nadhani nilikuwa na sura ileile aliyonieleza shangazi.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hapendi ugomvi. Alisema anayemchafulia mwenzake jina bila ushahidi aombe radhi mbele ya wote, la sivyo aondoke kwenye vichanja vya kikundi. Alimpa mpaka Jumamosi. Yule mama akajibu kwamba hawezi kuomba radhi kwa jambo aliloliona kwa macho yake. Hakuwa na kichanja kingine. Angerudi kuanika mchangani, na dagaa wenye mchanga wateja wanawaruka.

Ijumaa, tukiwa jikoni, nilianza, "Shangazi, ile ndoo..." Akanikatiza, "Usiogope, tutamshinda." Alidhani ananituliza.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Yule mama alifika, akaanza kukunja turubai lake. Nilitaka kumwita mwenyekiti. Nikajua hatanisikia. Nikachukua kile kipande cha mti, nikagonga ndoo.

Walikimbia wote. Maturubai yalifunguliwa, mawe yakaanguka, mtu akamkanyaga mwenzake. Kisha, mmoja mmoja, wakatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Mvua iko wapi, we mtoto?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna mvua," nilisema. "Siku ile niliiona mapema. Nikafunika kwanza. Nilifanya makusudi."

Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakusikia.

Bibi mmoja aliyekuwa bado anahema akasema, "Kwa hiyo na leo umetukimbiza bure? Hiyo figisu ya pili!" Wawili watatu walicheka. Yule mama hakucheka. Alilikunjua turubai lake, akalirudisha chini ya kichanja.

Shangazi alinijia, nikajua atanipiga. Hakunipiga. Alichukua kile kipande cha mti mkononi mwangu, akateremka nacho, akampa yule mama.

Sasa yeye yuko juu, sisi tuko pale alipokuwa. Shangazi ananiongelesha mambo ya kazi tu. Kila asubuhi namwamkia yule mama, na bado hajaitikia. Nikiwa nageuza dagaa siachi kutazama nyuma, kilimani, na mara nyingi namkuta ananitazama.

Jana wingu lilivuka kilima. Aligonga ndoo, ndipo akafunika dagaa wake.