Mvua ya Alpi kwenye Simu ya Valentina

Ukitaka kumjua Vestine, mtazame akikunja shuka. Alikuwa na mwaka wa sita katika chumba cha kufulia cha hospitali moja mjini Minneapolis, na hakuwahi kukunja shuka bila kuligeuza pande zote mbili na kulinyanyua kwenye taa. Wenzake walikuwa wakimaliza toroli zima yeye yuko nusu. Msimamizi alishaacha kumharakisha, maana shuka lenye doa halikuwahi kurudishwa kutoka mezani kwake. Jicho lake lilitafuta kibaya kwanza. Kizuri kingesubiri.

Kwa watoto wake alikuwa hivyo hivyo. Theluji ikianguka, anapiga simu. Mvua ikinyesha, anapiga simu: uko wapi, umefika, umevaa nini miguuni? Wadogo walijifunza kutopokea. Héritière, kifungua mimba wake, ndiye aliyepokea kila mara, na Vestine alilihesabu hilo kama mali yake. Hata baada ya Héritière kuolewa na Sebastian, kijana wa Kitanzania aliyekulia Minnesota, binti aliendelea kupokea. Ila sauti ilikuwa imebadilika kidogo, kama ya mtu anayeongea huku amesimama mlangoni na funguo mkononi.

Mwezi wa nane mwaka 2017, Héritière na mumewe walisafiri kwenda Ulaya. Mama yake aliambiwa ni Uswisi, hoteli kando ya ziwa, wapumzike. Kila jioni ujumbe mfupi uliingia: "Niko sawa, Maman. Ziwa ni zuri." Vestine akalala vizuri siku nne.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wakinywa chai katika ukumbi wa kanisa pale Richfield. Valentina, mama yake Sebastian, akaja akipasua katikati ya viti, sauti ikimtangulia. Mwanamke wa Bukoba, miaka ishirini na zaidi Marekani, anaendesha gari lake mwenyewe, na kwenye kila kamati ya kanisa yumo.

"Mzazi mwenzangu! Njoo uwaone hawa vichaa wetu."

Akamsogezea simu. Vestine akaona ukungu, mawe, na watu wawili waliovaa makoti ya mvua yanayofika magotini, mabegi yamewazidi vichwa. Mmoja alikuwa anacheka, mdomo wazi, maji yakimtiririka puani. Ilimchukua Vestine muda kukubali kwamba anayecheka ni mwanawe.

"Hiyo ni siku ya nne," Valentina akasema. "Wanazunguka mlima mzima huko Alpi, Ufaransa, Italia, Uswisi, kwa miguu! Na mvua haijakatika tangu waanze. Kwani wewe hawajakutumia?"

"Wamenitumia," Vestine akajibu upesi. "Mingi. Mpaka simu imejaa."

"Basi nionyeshe na zako, labda una nzuri kuliko hizi."

"Simu nimeiacha nyumbani. Iko kwenye chaji."

Hapo hapo mkoba wake ukaanza kulia. Ulilia kwa muda mrefu. Wote wawili wakautazama ukitetemeka juu ya meza kati ya vikombe mpaka uliponyamaza. Valentina akanywa chai yake, akaanza kuzungumzia bei ya ukumbi. Kule kutoulizwa kulimuuma Vestine kuliko kama angechekwa.

Aliyepiga ni mumewe, Onesphore, aliyekuwa anasubiri garini. Vestine alifunga mlango kwa nguvu.

"Héritière yuko anatembea milimani kwa mvua. Ulijua?"

Onesphore akawasha gari. "Nilijua."

"Ulijua!"

"Aliniomba nisikuambie. Alisema ukisikia mvua na mlima, hutalala wala hutamwacha alale. Utapiga kila saa."

"Mimi ni mama yake."

"Ndiyo maana," Onesphore akasema, akatia gia.

Kwa hiyo baba alijua, Valentina alijua, labda na wale waliokuwa wakipitisha mandazi walijua. Usiku ujumbe ukaja: ziwa ni zuri. Vestine aliusoma akahisi kama amepewa mkono uliovaa glavu. Angeweza kumpigia binti na kumwambia, "Minajua yote." Lakini angelazimika kusema amejuaje, na jibu lilikuwa Valentina. Akaiweka simu chini.

Tangu siku hiyo wivu ukakaa naye kama mgeni asiyeaga. Alikunja mashuka akimwona Valentina jikoni kwake, simu inaita, picha zinaingia. Akakumbuka harusi, jinsi keki ilivyochaguliwa kabla yeye hajaulizwa. Akakumbuka Héritière akisema, "Mama Valentina anapika ndizi kwa namna fulani, Maman, ungejaribu." Mambo yaliyokuwa yamepita bila doa sasa aliyanyanyua moja moja kwenye taa, na kila moja lilikuwa na doa.

Jumatano hakuwa na kazi. Alipika sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaifunga sufuria kwa taulo, akamwambia Onesphore amshushe kwa Valentina atakapokuwa anaelekea kazini. Kiwanda alikofanya kazi Onesphore kilikuwa katika mji wa Savage, karibu na mto, na nyumba ya Valentina ilikuwa huko huko, njiani.

Onesphore alimtazama. "Wamekualika?"

Vestine alijua anachouliza. Kwao Masisi, walikokimbia vita, mama wa binti haendi kwa wakwe bila kualikwa. Anangoja aitwe, anakwenda amevaa vizuri, na watu wa kumsindikiza, na akifika anakaa pale anapoonyeshwa. Kwenda peke yako na sufuria ni kama kwenda kuchungulia.

"Sombe ni nyingi," Vestine akasema. "Endesha."

Valentina alifungua mlango akiwa na kitambaa kichwani na unga mikononi. "Mama Héritière! Jamani, karibu! Mbona hukusema unakuja?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita Savage?" Valentina akacheka, akampokea sufuria. "Haya, wapitao wakaribie."

Walikaa jikoni. Simu ya Valentina ilikuwa kando ya jiko, uso juu. Vestine alichagua kiti kinachoielekea. Wakaongea habari za kwaya, habari za mjukuu wa fulani, na kila kioo cha simu kilipowaka Vestine alipoteza neno lake. Saa saba mchana ilipopita, ambayo kule Alpi ni saa mbili usiku, simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Nisomee, dada. Mikono ina unga."

Vestine aliishika simu kama anashika kitu cha moto. Alikuwa Sebastian. "Mama, miguu ya Héritière imeharibika. Kesho kuna mlima wa mwisho, na hapa tulipo hakuna barabara, lazima tuuvuke au turudi siku mbili nyuma. Yeye anasema atatembea. Tufanye nini?"

Chini yake kulikuwa na picha. Nyayo mbili nyeupe zilizokunjamana kama zimechemshwa, malengelenge kisigino, mengine yamepasuka. Hata bila kuambiwa angezijua. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake, kama kilivyokuwa siku aliyozaliwa.

"Masikini!" Valentina akasema, akafuta mikono haraka, akachukua simu na kurekodi. "Sebastian, mwanangu, tafuteni beseni. Maji ya moto, chumvi nyingi, aloweke miguu nusu saa nzima. Halafu atoboe hayo malengelenge, ayakamue, alale. Kesho atakuwa mzima."

Vestine alijua kwamba sivyo. Alijua vizuri kabisa. Alifungua mdomo, na kitu ndani yake kikamwambia: nyamaza. Mwache atume. Héritière alimwamini Valentina kwa habari za mlima, basi amwamini na kwa chumvi yake. Kesho atakapokanyaga jiwe la kwanza atasema, kwa nini sikumuuliza mama yangu? Wazo hilo lilikuwa tamu. Vestine alilishikilia kinywani kama sukari guru, na akatazama kidole cha Valentina kikiachia kitufe.

Ujumbe ukaenda.

Valentina akarudi kwenye unga wake. Vestine akabaki na utamu wake, na ndani ya muda wa kumimina chai utamu ukageuka. Alikumbuka Rahab. Mwaka ule wa tisini na sita, walipotoka Masisi kwa miguu, mvua siku tisa, Héritière mgongoni ana miaka minne, walilala katika shule moja isiyo na madirisha. Rahab, jirani yao, alipata maji ya moto kwa watu wa pale, akaloweka miguu yake, akaifunga kitambaa, akasema, asante Mungu, nasikia raha. Asubuhi alipovuta kitambaa, ngozi ilitoka nacho. Walimwacha pale shuleni. Hakuna aliyemwona tena.

"Hapana chumvi," Vestine akasema.

"Nini, dada?"

"Hapana chumvi! Hapana maji! Mwambie asitoe ngozi!"

"Lakini nimeshatuma."

Vestine aliinyakua simu, akabonyeza kila kilichofanana na kamera mpaka ikaanza kuita. Kioo kikawaka. Ukuta wa mbao, nguo zilizolowa zimetundikwa juu, na Héritière amekaa kwenye benchi na nywele zimemganda usoni. Alitabasamu kumkaribisha mama mkwe, kisha tabasamu likasimama njiani.

"Maman? Uko kwa Mama Valentina?"

"Miguu iko wapi?"

"Maman, nilitaka kukuambia, ni kwamba..."

"Sikuulizi hayo. Miguu iko wapi?"

"Kwenye maji."

"Toa."

Maji yakasikika yakimwagika. Sebastian akatokea pembeni, akasema shikamoo, akatoweka tena.

"Sikia," Vestine akasema. "Kausha kwa kukandamiza, usisugue. Usitoboe kitu. Ngozi iliyopasuka iache pale pale, ndiyo bandeji yako. Kaa karibu na moto, miguu wazi, mpaka usikie inabana. Asubuhi omba siagi jikoni."

"Siagi?"

"Wazungu wa milimani watakosa siagi? Paka katikati ya vidole na kisigino chote. Soksi mbili, ile nyembamba ndani. Na kamba ya kiatu kaza hapa juu, siyo huku mbele, kisigino kisicheze." Alikuwa ameshapandisha mguu wake juu ya kiti cha Valentina, gauni limefika gotini, akionyesha. Valentina alisimama nyuma yake na unga wake, akifuata kwa macho.

"Umejifunza wapi haya, Maman?"

"Nilikubeba siku tisa kwa mvua. Ulifikiri nilitembea na miguu ya nani?"

Héritière alitazama chini. Sauti ilipokuja ilikuwa ya mtoto. "Nilijua utakumbuka hayo. Nilijua ukiona picha ya mvua utakumbuka. Ndiyo nikasema ziwa." Akajifuta pua. "Umekasirika?"

"Sana."

"Sana sana?"

"Kausha miguu, Héritière. Mengine utanieleza uso kwa uso."

Simu ikazimwa. Vestine alishusha mguu wake, akatengeneza gauni, akaona aibu yote imerudi: amekuja bila kualikwa, amenyang'anya simu ya mwenye nyumba, na uongo wake wa Jumapili umelala mezani peupe kama ule unga.

"Picha hawakunitumia," akasema. "Hata moja."

"Najua, dada. Mkoba ulisema."

Vestine alitaka kucheka, hakuweza.

"Na mimi nikuambie langu," Valentina akaendelea, akikanda. "Zote hizi ananitumia Sebastian. Binti yako hajanitumia hata moja. Namwandikia, ananijibu asante Mama, mko salama, Mungu awabariki. Kama anaandikia mchungaji."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

"Hata moja?"

"Wewe! Unataka niseme mara tatu ufurahi? Hata moja." Akamtupia kipande cha unga. "Na umeikataa chumvi yangu mbele ya mwanangu. Sasa kaa ule, nitakulisha chapati zenye chumvi mpaka uombe maji."

Walikula sombe na chapati. Vestine alijisemea kwamba sombe imependwa kuliko chapati, na alihesabu mara ngapi Valentina alichota.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alikuwa amekaa juu ya rundo la mataulo simu yake ilipotetemeka. Haikutoka kwa Sebastian. Ilikuwa picha ya viatu viwili vyenye matope juu ya jiwe, na kibao cha njia kinachoelekea pande mbili, na nyuma yake hakuna kitu ila mawingu. "Nimefika juu, Maman. Mvua bado. Kisigino kinauma lakini ngozi ipo. Watu wote wa kibanda cha wasafiri tulicholala wameniona nikipaka siagi. Mimi na Sebastian tunashuka sasa, usipige, mikono imelowa. Nitakupigia mimi."

Aliusoma ujumbe mara mbili. Akaigeuza simu, akaisogeza kwenye taa, akatafuta pale juu kama kuna dalili kwamba picha hiyo imepelekwa kwa mtu mwingine pia. Hakuna.

Angeweza kuiweka kwake. Alifikiria kufanya hivyo, na dakika nzima ikapita akifikiria. Kisha akatafuta jina la Valentina, akamtumia, na chini yake akaandika polepole, herufi kwa herufi: "Mzazi mwenzangu, huyu hapa amefika. Amenitumia sasa hivi."

Neno "amenitumia" alilisoma tena, akaona liko sawa, akaliacha. Akakaa na simu mkononi mpaka zile alama mbili za kusomwa zilipogeuka bluu, ndipo akarudi kwenye mashuka.