Baraka Zangu Kwenye Kioo cha Picha

Mimi, bibi yake Ndahani, nimejiaibisha. Mjukuu wangu amefundishwa kupiga picha na bwana Mjerumani anayemtumikia, na juzi aliachiwa apige peke yake: paka wa bwana, juu ya jiwe la korongoni. Ikiharibika, arudi kuchunga ng'ombe.

Nikamfuata. Ndahani alimtuliza paka yule mkorofi kwa mluzi tu, nami moyo ukanijaa. Alipogeuka, nikakitemea kioo cha sanduku lake la kupigia picha mate ya baraka, kama tunavyowabariki watoto wetu.

Picha ilipokuwa tayari, bwana akaikodolea macho.

“Paka amekaa vizuri sana. Lakini ukungu huu, kiangazi hiki, umetoka wapi?”

Ndahani akanigeukia. “Bibi, ulitema?”

“Nilikubariki.”

“Kidogo?”

“Mdomo mzima.”